Piano Bubu na Kosa la Kuwahi

Mwalimu Rehema, anayelirithi darasa langu, ameniomba nimwandikie "mambo muhimu" kabla sijamkabidhi ufunguo wa kabati. Nikamwambia mambo muhimu ni mawili tu: watoto wanawe mikono kabla ya kugusa kinanda, na yeye asishindane na mchwa maana hatawaweza. Akacheka, akidhani natania. Basi naandika kwa kirefu, kwake yeye na kwa walimu wengine vijana watakaopenda kusoma. Vyeo sitavitaja, nilivyopata vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na vikao vyake. Nitaeleza habari za watoto wadogo na vidole vyao, na kosa moja nililofanya mimi mwenyewe, lililonifundisha kazi kuliko chuo. Nitaeleza pia kwa nini kabatini mna piano bubu tisa badala ya kumi. Rehema, usiitafute ya kumi. Haijapotea.

Nimezaliwa Ujiji, lakini nimelelewa kwa kengele ya stesheni. Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapo Kigoma, na nyumbani kwetu kuchelewa lilikuwa kosa lisilo na utetezi. Ukichelewa kula, unakuta sahani imeshaoshwa. Ukichelewa kuamka, unakuta kitanda kimetandikwa nawe ungali ndani yake. Watu wa reli wanauheshimu sana wakati, labda kwa sababu gari lao lenyewe halijawahi kuwahi. Mimi niliurithi ugonjwa huo mzima mzima, na nilikwenda nao kazini.

Muziki niliupata kwa jirani yetu, Mzee Sefu. Mchana alikuwa seremala wa milango na vitanda, jioni alikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu. Mama alinituma kwake kwenda kuulizia stuli yetu iliyovunjika, nami nikawa naulizia hiyo stuli kila siku, hata baada ya kutengenezwa. Siku moja akanikalisha mbele ya kinanda na kunikamata vidole.

"Mwanangu, kinanda hakipigwi kwa vidole," akaniambia. "Kinapigwa kwa sikio. Vidole vinatumwa tu, kama ulivyotumwa wewe kuja kuulizia stuli."

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nilijua hapo hapo kwamba ameshanigundua.

Nilipotoka chuoni nilipangiwa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mjini. Chumba kilikuwa na watoto sitini na kitu, na pembeni palikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho wageni fulani walikiacha walipoondoka kwa sababu hakikuingia mlango wa behewa. Siku yangu ya kwanza nilivaa gauni jipya, nikaketi kwa madaha na kukanyaga. Kinanda kikakohoa, kisha panya akaruka kutoka ndani, na nyuma yake watoto wake. Darasa zima likapanda juu ya madawati. Somo langu la kwanza la muziki likawa kusaka panya, na kengele ilipolia mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kesho tena?" Sijapata tena kuwafundisha watoto wakafurahi kiasi kile.

Lakini watoto sitini kwa kinanda kimoja ni msongamano. Kila mmoja alipata kugusa mara moja kwa wiki mbili, na alipogusa alikuwa ameshasahau. Nikaenda kulia kwa Mzee Sefu. Alichukua vipande vya mbao vilivyobaki kwenye mlango wa mtu, akavipiga randa, akapima. Funguo nyeupe kumi na nne akazipaka rangi ya mafuta na kuzitenga kwa mistari. Zile nyeusi akazitengeneza kwa vijiti vyembamba akavigongomea juu, ili kidole kivisikie hata mtoto akifumba macho. Akatengeneza kumi.

"Sasa hizi zinaliaje?" nikamwuliza.

"Hazilii. Anaimba mtoto. Akibonyeza do, aimbe do. Akikosea utamsikia yeye, maana ubao hauna pa kumfichia."

Watoto wakaziita piano bubu, na jina likabaki. Kwa miaka yote niliyofundisha, sijaona kifaa kinachozidi hicho. Mtoto aliyejifunza kwenye kinanda chenye sauti huachia kinanda kazi yote. Mtoto wa piano bubu hana wa kumwachia. Rehema, wakikuletea vinanda vya umeme, vipokee na useme asante, lakini ubao usiutupe.

Kuhusu kufundisha kikundi cha watoto wa miaka sita na saba, nina machache. Usiwaambie majina ya funguo zote kwa siku moja. Waonyeshe kwanza zile nyeusi, kwamba zinakaa kama watu, wawili wawili na watatu watatu, kisha uwaambie do ni jirani wa wale wawili, anaishi kushoto kwao, ukutani kabisa. Mtoto akishajua nyumba ya do, mtaa wote ameujua. Jihadhari na mi. Nilikuwa nikigonga ufunguo huo na kuuliza, "Huyu nani?" na darasa zima lilijipiga vifua na kuitikia, "Mi!" Kila mmoja alikuwa anajitaja yeye. Na la nayo ina vituko vyake. Binti mmoja wa Ujiji, aliyelelewa vizuri chuo cha Kurani kwa maalimu wake, alikataa katakata kuibonyeza. "Mwalimu, la ni hapana," akasema. "Umeniambia hapana, halafu unaniambia nibonyeze." Ilibidi nimwambie kwamba hii ni la ya kinanda, nayo haikatazi chochote.

Wazazi nao walikuwa na hofu zao. Wa Ujiji walinong'ona kwamba kinanda ni mambo ya kanisani na kwamba nitawarudisha watoto wakiimba misa. Wa upande wa kanisani walinong'ona kwamba mwalimu ni Mswahili wa Ujiji na atawafundisha watoto taarabu. Nikawatungia watoto wimbo wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi, wanavyoanikwa juani na kunguru wanavyowavizia, na hofu ikaisha pande zote mbili. Dagaa hawana dhehebu. Tatizo lililobaki ni mawese. Watoto wetu hula kwa mkono, na mawese hayasahau yalipopita. Funguo za Mzee Sefu zilikuwa nyeupe mwezi mmoja tu, kisha zikawa na rangi ya chungwa kuanzia do mpaka so, mahali mkono wa kulia unapokaa. Mpaka leo ukitaka kujua mkono wa mtoto wa Kigoma hukaa wapi kwenye kinanda, angalia rangi.

Ndipo ikaja ile miaka ya wakimbizi. Nyinyi vijana mmesimuliwa. Sisi tuliwaona wakishuka kwa mitumbwi na wengine kwa miguu, magodoro vichwani, watoto wakiwa wameshika pindo za mama zao. Kambi zikajaa. Shirika moja lililokuwa likihudumia watoto likaomba shuleni kwetu mwalimu wa nyimbo, siku moja kwa wiki. Mkuu wa shule akauliza nani yuko tayari, na wenzangu wote wakaangalia dari. Mimi sikuangalia dari kwa sababu nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mnajua nilivyo.

Basi kila Alhamisi nilipanda lori la shirika pamoja na magunia ya maharage, piano bubu kumi nimezifunga kwa kanga, na kinanda kidogo cha betri mapajani. Tulipita Simbo nikanunua mihogo ya kuchemsha, nikafika kambini nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukumbi ulikuwa wa matofali ya udongo na paa la turubai. Watoto walikuwa hawahesabiki. Nilichukua kumi kumi, na wengine walining'inia madirishani wakibonyeza hewa.

Kwa kuwa mbao zilikuwa kumi na wanaozitaka walikuwa umati, niliweka kanuni: anayeshindwa kwenda na wenzake anaachia ubao, anaingia aliyeko dirishani. Niliiona kanuni ya haki. Ilikuwa kanuni ya mtoto wa reli.

Katika kumi wa kwanza alikuwemo msichana mmoja aitwaye Keza, wa miaka kama saba, meno ya mbele hana, anayenawa mikono mara mbili ili nimwone. Alikuja kutoka Burundi na bibi yake tu, Bibi Melania. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na sikio lake lilikuwa lile alilolisema Mzee Sefu. Lakini nilipohesabu "moja, mbili, tatu, haya!" wenzake tisa waliingia pamoja, na yeye akaingia nyuma yao. Hakuchelewa sana, nusu ya pigo tu, lakini kila mara ilikuwa nusu ile ile.

"Keza, umechelewa."

"Sikuchelewa, Mwarimu."

"Umechelewa. Wenzako wameanza, wewe bado."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nangoja wao waanze."

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Alhamisi ya pili sikucheka. Alhamisi ya tatu nikagundua kwamba wasichana wawili waliokaa karibu naye nao wameanza kuingia nyuma, mmoja baada ya mwingine, na wimbo wangu wa dagaa umekuwa kama watu wanaopokezana matofali. Nikasema, ugonjwa huu unaambukiza.

Na hapo tulikuwa tunajiandaa. Tulikuwa tumepanga sherehe ya watoto Kigoma mjini, kwenye ukumbi wa zamani wa reli, watoto wa shule yangu na wa kambini wapige pamoja. Ruhusa ilitoka kwa watoto kumi, kila mmoja na mtu mzima mmoja wa kwao. Keza alikuwa ameshamwahidi bibi yake kwamba atampeleka kuliona ziwa. Bibi Melania alizaliwa kwenye vilima vya upande wa pili wa mpaka, ambako kila asubuhi ukifungua mlango unaliona ziwa chini, na tangu aikimbie nyumba yake hakuwa ameliona tena. Niliyajua hayo. Keza aliniambia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Hata hivyo nikamwambia aachie ubao. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Keza akaondoa vidole kwenye mbao, kimoja kimoja, akasimama.

"Na nyimbo nazo nirudishe, Mwarimu?"

Nikamwambia la, nyimbo abaki nazo. Alitoka bila kulia, na mtoto wa dirishani akaingia mbio. Jioni ile kwenye lori mihogo yangu nilimpa dereva. Nilijiambia kanuni ni kanuni, na nikajiambia tena tulipofika Simbo, na tena tulipofika nyumbani. Mtu mwenye hakika huwa hajirudii hivyo.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta Keza nje, amechuchumaa chini ya ukuta wa ukumbi. Alikuwa amejitengenezea piano yake ya udongo mbichi, funguo kumi na nne, na zile nyeusi amezichora kwa mkaa. Do alikuwa mahali pake, kushoto kwa wale wawili. Nilisimama juu yake nikaitazama. Nyuma yake alikuja mwanamke mzee, mrefu, aliyejifunga kitenge kifuani. Nikajua ndiye bibi, na arobaini yangu imefika.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alinishika mikono yote miwili, juu ya viwiko, akanivuta karibu kama anayetaka kunikumbatia, akaanza kuimba. Sauti ilitoka haraka, maneno ya Kirundi yakifuatana, kisha ikakatika ghafla. Akaniangalia. Nikatabasamu. Akatikisa kichwa, akaanza upya, akafika pale pale, akakata. Nikasema "Amahoro," yaani amani, neno pekee la Kirundi nililokuwa nalo. Nililisema juu ya sauti yake, kabla hajakata. Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Akaanza mara ya tatu, na safari hii alipokata, sauti nyembamba ilitoka chini ya ukuta. Keza hakuinua hata kichwa. Aliweka neno fupi moja kwenye lile pengo, bibi akaendelea, Keza akaweka tena, bibi akaendelea, na muda si mrefu sikuweza kujua nani anaimba na nani anajibu. Sauti mbili zilikuwa zimefumwa kama mkeka, huyu akiinua yule anapita chini. Na Keza alikuwa akiingia nyuma, nusu tu, kila mara nusu ile ile.

Jamani, nilisikia aibu. Niliisikia masikioni, yakawa ya moto.

"Hii ni salamu yetu, mwana wanje, mwanangu," Bibi Melania akasema walipomaliza. "Ni akazehe, salamu ya wanawake. Ni ya watu wawili. Mmoja ni gutera, mwingine ni kwakira. Mmoja anatupa, mwingine anapokea. Sasa wewe, Mwarimu, mimi ninasema na wewe unasema hapo hapo. Hiyo si salamu. Hayo ni makelele."

"Sikujua, Bibi."

"Ego, ndiyo, hukujua. Na huyu mtoto unamwambia amechelewa. Mama yake ndiye alikuwa ananipokea kila asubuhi. Mama yake hayupo. Sasa ni huyu ananipokea. Kama yeye hangoji nimalize, mimi nitampa nani salamu yangu?"

Alisema hivyo bila hasira, kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Mtoto huyu alikuwa anakuja darasani kwangu akiwa ametoka kufanya kazi ya mama yake, anaifanya kwa usahihi kila siku ya Mungu, nami nikamwona mzembe wa saa.

Kuomba radhi kwa mtoto wa miaka saba mbele ya wenzake ni mtihani kuliko yote niliyofanya chuoni. Nilimwingiza ndani kwa mkono, nikasimama mbele ya ubao wa chaki nikasema, "Mwalimu alikosea. Keza hakuchelewa. Mwalimu ndiye aliyewahi." Watoto hawakuwa wamepata kumsikia mwalimu akisema hivyo, na nadhani hawakuwa na hakika kama inaruhusiwa. Yule wa dirishani nilimkalisha pembeni mwa Keza, wakagawana ubao mmoja, na kanuni yangu ikafia hapo. Nashangaa kwamba haikunijia mapema: ubao wa funguo kumi na nne unatosha mikono minne.

Keza akaketi. "Basi nyimbo sirudishi?" akauliza, kuhakikisha.

Siku ile niliubomoa wimbo wa dagaa na kuujenga upya. Nusu ya watoto wakawa wa kutupa, nusu wakawa wa kupokea. "Dagaa wa Kibirizi," wanatupa hawa. "Wa-me-la-la," wanapokea wale, nusu nyuma, kabla maneno hayajapoa. Wasichana wa kambini waliushika kwa robo saa. Kazi ilikuwa kwa wale wa mjini. Wanafunzi wangu mwenyewe, niliowalea kwa mkono wangu, hawakujua kungoja. Walidandia wimbo kama gari linaloondoka. Niliwauliza mmefundishwa na nani, wakanitazama kwa mshangao.

Siku ya sherehe nililipokea lori la kambini pale juu ya mlima, kabla ya kuteremka mjini, nikapanda. Watoto walikuwa wanaimba. Bibi Melania alikuwa ameketi juu ya gunia. Lori lilipokata kona, ziwa likatokea lote, na kwa mbali sana milima ya ng'ambo. Akasimama. Nikamshika asianguke. Akaliimbia ziwa ile salamu, sauti nzima, mpaka dereva akapunguza mwendo. Akafika kwenye pengo akanyamaza, akasikiliza.

"Limeitikia, Bibi?" nikamwuliza.

"Hili huwa linachelewa," akasema, akacheka peke yake kwa furaha mpaka akaketi.

Ukumbi ulijaa. Mzee Sefu, aliyekuwa ameshazeeka na sikio moja limekufa, nilimweka mbele kabisa. Nikaketi kwenye kinanda changu cha kukanyaga, watoto ishirini mbele yangu na mbao zao, wawili wawili. Nikahesabu. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Katikati ya ubeti wa pili nilikanyaga, nikasikia kitu kikichanika, na kinanda kikatoa mlio wa mbuzi anayekataa kamba, kikanyamaza. Mfuko wa upepo ulikuwa umepasuka. Nilikanyaga tena, sikupata kitu.

Lakini watoto hawakuniangalia. Hawakujua hata kama kinanda kimekufa. Wao tangu mwanzo hawakuwa na sauti nyingine isipokuwa yao, na mbao zao hazikuwahi kulia ili leo zinyamaze. Wa mjini wakatupa, wa kambini wakapokea, vidole vikigonga ubao tok tok tok, na katikati yao Keza amefumba macho, anaingia nyuma kwa nusu yake, amebeba ukumbi mzima. Mama mmoja wa Ujiji akapiga kigelegele. Wanawake wa kambini wakajibu kwa makofi yao. Mimi nikaondoa mikono kwenye kinanda nikaiweka mapajani kama mgeni mwalikwa.

Walipomaliza Mzee Sefu alinivuta kanga. "Si nilikwambia?" akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Anaimba mtoto!"

Miaka ikapita, wimbo ukazoeleka, na ikaja zamu ya watu kurudi kwao. Siku ya Keza na bibi yake nilikwenda kambini ijapokuwa haikuwa Alhamisi. Mabasi yalikuwa yamepangwa, watu wamebeba masufuria na kuku. Bibi Melania akanishika mikono, akaanza salamu yake ya kuagana. Nilikuwa nimejifunza maneno, nimejizoeza nyumbani mbele ya kabati. Ilipokaribia ile nafasi, damu ya reli ikanipanda, nikaingia.

"Umewahi, Mwarimu!" Keza akapiga kelele.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Umewahi," akasema. "Nusu tu. Ungengoja nusu." Tulijaribu mara tatu na mara tatu niliwahi, na wa kwenye basi wakaanza kutuita. Nikamkabidhi Keza piano bubu moja, ile yake, yenye alama ya jino lake pembeni, nikamwambia hii na nyimbo zake usirudishe.

Ndiyo sababu ziko tisa.

Baada ya hapo nilifundisha miaka mingi, na sitaisimulia yote. Walikuja wakimbizi wengine na wakarudi, na wengine walibaki. Mzee Sefu alituacha. Kinanda cha kukanyaga kilishonwa mfuko kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kikaishi muda mrefu kuliko baiskeli yenyewe. Kila darasa nililifundisha kutupa na kupokea. Lakini mimi mwenyewe sikuipata ile nusu. Niliwafundisha wengine kitu nisichokiweza, jambo ambalo, mkiuliza wakaguzi, si geni katika kazi yetu.

Mwezi uliopita mliniandalia sherehe ya kuagwa, kwenye ukumbi ule ule. Nilifika mapema, na mkanikuta nimeshapanga viti. Hotuba zilipokwisha, aliingia mwanamke mrefu, kitenge kifuani, mzigo mkononi, ananukia dagaa kwa sababu boti aliyokuja nayo ilishusha abiria Kibirizi. Nilimtambua kabla hajasema neno, ingawa meno ya mbele alikuwa nayo yote. Alisikia habari zangu kwa wafanyabiashara wanaovuka. Akafungua mzigo, nikaiona piano bubu ya kumi. Vijiti vyeusi vitatu vilikuwa vimebadilishwa, rangi nyeupe imekwisha, na mahali pa mkono wa kulia ubao umebonyea kama ngazi ya msikiti.

"Nimeileta uikague, Mwarimu. Halafu narudi nayo. Nina watoto kumi na sita kule kilimani na huu ndio ubao wetu."

"Na Bibi?"

"Bibi hayupo tena." Akaupangusa ubao kwa kiganja. "Alinifundisha gutera kabla hajaondoka. Sasa ninajua pande zote mbili. Ila asubuhi nikianza, sina wa kunipokea."

Akaweka ubao chini. Akanishika mikono juu ya viwiko, mbele yenu wote, akanivuta karibu, akaanza. Ilikuwa sauti ya bibi yake, maneno yakifuatana haraka. Mimi nilihisi ile nafasi inakuja, na damu ya reli ikapanda kama kawaida yake, na kengele ya stesheni ikalia kichwani. Nikauma midomo. Keza akakata.

Nikangoja. Nikangoja nusu. Nikaingia.

Hakuniambia nimewahi. Hakucheka wala hakusimama. Aliendelea tu, maneno mapya juu ya neno langu, nami nikamwachia mbele, nikamfuata nyuma.